Asubuhi Tuliyokimbia Bila Kuimba

Mpendwa Baba Fausta,

Naogopa. Nimeona nianze na hilo kabisa, maana unanijua, nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe sijasema neno. Sijaogopa hivi tangu tulipokuzika, na humu ndani hakuna mtu wa kumwambia.

Leo asubuhi Ditram amekuja. Mwenyekiti wako wa klabu ya mbio, fundi baiskeli, na ile suruali yake ya mazoezi iliyopauka magotini. Hakuingia. Alisimama nje ya ua, barakoa usoni, akaniita kutoka mbali. "Shemeji, ule ugonjwa umerudi. Huko vijijini watu wanakohoa, wazee wamejifungia. Klabu inaanza tena kuzunguka kesho alfajiri. Sabuni tunayo, unga tunao. Tunachokosa ni mtu wa kuimbisha." Halafu akaangalia viatu vyake. Jamani, mtu mzima akiangalia viatu vyake ujue kuna jambo. Wanamtaka Fausta.

Nilimwambia nitamjibu, nikarudi ndani haraka. Sasa nimekaa kwenye cherehani, kitambaa kimelala chini ya sindano, nakuandikia wewe badala ya kushona. Mtoto ana sauti yako, Baba Fausta. Amemaliza shule, amerefuka, na akifungua mdomo kuimba nageuka kuangalia mlangoni. Wanamtaka asimame pale ulipokuwa unasimama wewe. Nami nakumbuka kusimama pale kulikufikisha wapi.

Unakumbuka ulivyoingia kwenye hiyo klabu? Ulitoka hospitali umenuna, presha imepanda, daktari amekuambia ufanye mazoezi na upunguze chumvi. "Muuza samaki nipunguze chumvi!" ukawa unalalamika soko zima. Siku ya kwanza ulikimbia nao kupanda mlima, wewe Mnyasa wa Liuli uliyezoea mchanga wa ziwani, ukarudi umeshika kiuno. Ulikaa kizingitini ukasema, "Nyie Wamatengo ni mbuzi, siyo watu." Nilicheka mpaka majirani wakachungulia.

Lakini hukuacha. Vijana waliita jogingi, wewe ukaita mchakamchaka kama tulivyoita shuleni, na kwa sababu miguu yako ilikuwa inabaki nyuma ila sauti ilikuwa inatangulia, wakakupa uimbishaji. Jumamosi mkipita, mtaa mzima unaamka. Ulikuwa unatunga papo hapo, unamtaja kila mwenye nyumba na visa vyake. Mkifika kwetu unaimba, "Mama Fausta fungua, mumeo anakata roho!" na wenzako wanaitikia, "Mletee maji!" Mimi natoka na kanga ya kulalia, natukana huku nacheka. Mama yangu alikuja kukaa nasi msimu ule wa kuchuma kahawa, akausikia wimbo huo, akanong'ona, "Huyu mkwe wangu ana kichaa kidogo." Alikuwa amefurahi mno.

Halafu ugonjwa ukaja. Nakumbuka mwezi ule wa kwanza nilivyokuwa nashtuka kila mtu akikohoa kanisani. Tukajifukiza mikaratusi mpaka macho yakawa mekundu, tukanywa tangawizi, mimi nikashona barakoa za vitenge hadi nikawa naota barakoa. Nilifikiri klabu itafungwa nawe utatulia nyumbani. Wapi! Mlikutana uwanjani, kila mtu amesimama mbali na mwenzake, mkakubaliana kwamba mbio haziishi, ila sasa zitakuwa na kazi. Mtawapelekea wazee walioko peke yao sabuni na unga, na kila ua mtafunga kibuyu chirizi, lile dumu la maji linaloinamishwa kwa mguu ili mtu anawe bila kushika kitu.

Tuligombana kwa ajili hiyo. Nilikuambia, "Una presha, una mtoto, unatafuta nini huko?" Ukajibu, "Natafuta wakwe zangu." Ukacheka peke yako. Ukaniambia mmejiwekea masharti makali: hakuna kupeana mikono, hakuna kuingia ndani, na hakuna kuimba, kwa sababu anayeimba anarusha mate. Wewe mwenyewe ndiye uliyelipendekeza hilo la mwisho. "Nitakimbia kama bubu," ukasema, na nikaona limekuuma.

Zamu ya Mpepai ilipofika nikasema na mimi nakwenda, maana ndiko kwa mama. Pikapu ilitushusha barabarani, tukaanza kukimbia kupanda. Ukungu ulikuwa mzito, maharage yametoa maua, njia inateleza. Kila mtu amebeba kifurushi mgongoni. Hakuna aliyesema neno. Ilikuwa miguu tu, pu, pu, pu, kwa mpigo mmoja kama mlivyozoea.

Nyumba ya kwanza mlango ulifungwa tunaona. Ya pili vilevile. Ya tatu nilisikia komeo likipigwa na mtoto akizibwa mdomo. Ditram aliita, "Ni sisi, tumeleta sabuni!" lakini kwa barakoa ile sauti ilitoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Tukaweka vifurushi mlangoni tukaendelea. Wewe ulinigeukia ukauliza kwa macho, kuna nini?

Na hapo ndipo damu iliponisimama, Baba Fausta, kwa sababu nilijua kuna nini. Sisi tuliokulia kwenye milima hii tunaijua sauti hiyo. Tulipokuwa watoto gari halikufika, mgonjwa alibebwa kwa machela, wanaume wanapokezana mabegani, wanakimbia bila kuongea maana pumzi yote ni ya kazi. Miguu mingi alfajiri bila sauti ya mtu ilikuwa na maana moja tu, na mama zetu walituvuta ndani. Tena wiki ile kulikuwa na maneno yanazunguka kwamba wanaokohoa wanafuatwa nyumbani wanachukuliwa, na ndugu hawaonyeshwi hata kaburi. Tulikuwa tumenyamaza ili tusiwaue watu, kumbe tunawaua kwa hofu. Ninyi wa mjini na wa ziwani mngejuaje? Na mimi niliyezaliwa pale sikuwaza kabisa mpaka komeo lilipolia.

Nilianza kukimbia kweli kweli. Kwa mama mlango ulikuwa wazi. Moto unawaka, uji umeanza kuungulia, kitanda kina joto, na yeye hayupo. Niliita mpaka koo likakauka. Majirani walikuwa nyuma ya milango yao wamenyamaza. Jirani mmoja tu ndiye aliyetujibu kupitia dirishani bila kufungua. "Mwacheni bibi wa watu! Ana kikohozi cha kawaida!" Ndipo nikajua anaumwa na alikuwa ametuficha.

Unaujua mteremko ule wa nyuma ya nyumba. Wote ni ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia, moja baada ya jingine mpaka chini kwenye kijito, kila shimo linatosha mtu kujikunja. Na ukungu umefunika. Mwanamke wa umri ule, anakohoa, amelala kwenye udongo wenye maji mahali fulani humo, na kila nikimwita anazidi kujificha. Baadaye aliniambia aliisikia sauti yangu vizuri. Alifikiri wameshanikamata mimi kwanza, wananitumia kumtoa.

Wenzako walitawanyika kwenye matuta wakitafuta kimya kimya, sharti ni sharti. Nilikuwa nalia. Nikakuona umesimama juu kabisa ya shamba, mikono kiunoni, unaangalia ukungu. Halafu ukaishusha barakoa ikabaki chini ya kidevu. Ukavuta pumzi. Ukaimba, kwa sauti yako yote, "Mama Fausta fungua, mumeo anakata roho!"

Hakuna aliyeitikia. Ukaimba tena. Mbwa wakabweka. Ukaongeza yako, "Mkwe wako amechoka, mlima umemshinda!" Milango miwili mitatu ikafunguka nyuma yetu, nikasikia mtu anacheka, kicheko kile cha mtu aliyekuwa amekwisha kukata tamaa. Na kutoka chini, karibu na kijito, ikaja sauti ndogo iliyokatwakatwa na kikohozi. "Mletee maji."

Ulifika kabla yangu. Wewe, ambaye tangu unioe hujawahi kukaa naye mkeka mmoja. Ukimwona njiani unaingia kwenye kahawa za watu kumpisha. Akija kwetu ulikuwa unakula nje kama mgeni, heshima ya mkwe, wala hukuwahi kulitaja jina lake. Ulipiga magoti kwenye tope ukasema, "Shikamoo mama. Samahani, leo adabu tumeiacha barabarani." Yeye akageuza uso pembeni kwa aibu, huku anatetemeka. Ukamgeuzia mgongo, ukamvuta mikono ikapita mabegani mwako, ukasimama naye.

Ulipanda ule mteremko, mbuzi wangu wa ziwani, na mama amelaza kichwa shingoni kwako, anakohoa, anakohoa. Barakoa yako inaning'inia chini ya kidevu. Niliiona. Nilikuwa natembea pembeni yako na niliiona. Lakini aliyekuwa mgongoni ni mama yangu, na mikono yako yote miwili ilikuwa imemshika yeye, nami nilikuwa nimebeba vitu vyake nimechanganyikiwa, nikawa nasema tu, "Taratibu, taratibu," sijui namwambia nani.

Hospitali walimpa hewa, akapona. Alikaa siku nyingi lakini akapona, mkaidi yule.

Wewe ulirudi sokoni. Kisha siku moja ukaleta mbasa nyumbani, ukamnusa, ukamnusa tena, ukaniambia, "Mama Fausta, huyu samaki hanuki." Ukacheka. Mimi sikucheka. Muuza samaki asiyesikia harufu ya samaki! Nikashika meza. Nilijua siku hiyo hiyo, na nikawa najifanya sijui, nakupikia uji wa ulezi, nakubembeleza ule.

Uliponiambia nisiingie chumbani nilikaa nje ya mlango. Tulikuwa tunaongea hivyo, mbao katikati. Uliuliza habari za Fausta, ukauliza bei ya usipa, dagaa wenu wa ziwani, sokoni, mtu anashindwa kuvuta pumzi anauliza bei ya usipa. Siku tuliyokupeleka hospitali uliniuliza, "Mama anakula?" Nikasema anakula. Ukasema, "Basi." Sikusikia neno lingine kutoka kwako.

Walikuzika watu wachache. Klabu walisimama kule barabarani, wameachiana nafasi, na tisheti zao. Hawakuimba. Ditram aliniambia baadaye kwamba kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake aanze.

Sasa nikurudishe kwenye siku ya leo, maana sijakuandikia ili nikulilie tu.

Mama anaishi na sisi. Tangu atoke hospitali amejitenga. Ana bakuli lake, ana kigoda chake kule nyuma karibu na jiko, anapitia mlango wa uani. Fausta akimkaribia anainuka. Mimi nikimkaribia ananiambia, "Usinisogelee." Miezi yote hii nimefikiri anaogopa kuambukizwa tena, nikamheshimu, nikawa namwekea chakula na kuondoka.

Ditram alipoondoka leo, sikujua kama mama amesikia. Kumbe alikuwa nyuma ya ukuta. Akaniita kutoka kwenye kigoda chake. "Usimruhusu mtoto."

Nilishangaa. Kusema kweli nilikuwa nimeshaamua hivyo hivyo. Jibu la Ditram lilikuwa tayari mdomoni: hapana, tumeshatoa mmoja, tafuteni kwingine. Lakini kulisikia kwake yeye kulinikera, sijui kwa nini. Nikamwambia, "Mama, wewe ndiye wa kusema hivyo? Wasingekuja wale ungekuwa wapi leo?"

"Ningekuwa nimekufa," akasema. "Na mume wako angekuwa anauza samaki." Halafu akalitoa, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema mvua imekatika. "Mimi nilimla mume wako. Pumzi yangu ndiyo iliyomuua. Mjukuu simli."

Weee, Baba Fausta. Unajua neno hilo kwetu si la mchezo. Watu wamefukuzwa vijijini kwa neno hilo. Na mama yangu alikuwa amelivaa mwenyewe, amelala nalo, ameamka nalo, tangu siku tulipokuzika, peke yake kwenye kigoda. Bakuli lake lile halikuwa la kujikinga. Alikuwa anatukinga sisi na yeye.

Nikamwambia, "Mama, hukumla mtu." Akasema, "Usinisogelee."

Nimekaa kwenye cherehani hii tangu wakati huo. Nimewaza hivi. Nikimzuia Fausta, nitakuwa nimesema nini? Nitakuwa nimemwambia mama kwamba ndiyo, ni kweli, ulimla, na kule mteremkoni mkwe wako alifanya makosa kukubeba. Atakufa akilijua hilo kutoka kwangu. Nikimruhusu, nitakuwa nimemtoa mtoto wetu wa pekee akazunguke kwenye nyumba za wagonjwa, na kama akirudi siku moja ananusa samaki mara mbili, sijui, Baba Fausta, sijui nitashika meza gani. Nimekuita mara nyingi leo. Hujibu. Nilitaka nikukasirikie, nikashindwa.

Fausta aliporudi kisimani nilimweleza yote, hata la bibi yake. Aliweka ndoo chini. Kisha akaniambia, "Mama, sasa hivi anayeimba anatangulia peke yake barabarani, wengine wanafuata mbali. Sitaingia ndani ya nyumba ya mtu."

"Baba yako naye alisema hivyo," nikamwambia.

"Najua," akasema. Hakuahidi tena. Ni mwanao huyu, hajui kudanganya. Tukatazamana. Nikamwuliza, "Kama kuna bibi kwenye shimo?" Akasema, "Mama, wewe ungefanya nini?" Nikamwambia aende akapike.

Niliiacha barua hapo. Sasa ni asubuhi, naimaliza.

Nilimwamsha mwenyewe. Nilimshonea barakoa tatu, nene, za kitenge kile cha bluu, nikamfunga moja, nikaikaza mpaka akalalamika masikio. Nikampeleka nyuma kwa bibi yake. Nikamwambia mama, mbele ya mtoto, ili asikie vizuri, "Fausta anakwenda na klabu. Anakwenda kwa wazee kama wewe. Nimemruhusu mimi, kwa akili zangu. Baba yake alikubeba kwa sababu alitaka kukubeba, na ningemwona leo ningemwambia akubebe tena." Ni kweli, Baba Fausta? Sikujua kama ni kweli mpaka nilipoisikia imetoka. Ni kweli na inanichoma, yote mawili.

Fausta alimwamkia, "Shikamoo bibi," akiwa amesimama mbali kama alivyozoeshwa. Mama akaitikia, "Marahaba," akainamisha kichwa. Nikamsindikiza mtoto mpaka barabarani. Ditram alivua kofia aliponiona. Sikumwambia kitu, nilimwangalia tu, na nadhani alielewa, maana aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa mzigo wa kuvunjika.

Wamekwenda. Sina uwezo wa kushona wala wa kupika. Naogopa mpaka meno yanagongana, na jua limeshatoka, hakuna hata baridi ya kusingizia. Nilirudi uani nikasimama tu katikati, sijui pa kwenda.

Mama alikuwa ameinuka kwenye kigoda chake. Alikuwa amekivuta mpaka ukutani kwenye jua, na pembeni yake amekunjua mkeka. Akaupigapiga kwa kiganja.

"Sogea hapa, mwanangu," akasema. "Na mimi naogopa."

Nimekaa naye, bega kwa bega, karatasi iko magotini. Tunamsubiri mtoto wako.

Lala, baba. Sisi tuko macho.

Mkeo,
Mama Fausta